Uchovu Unaowavunja Wanafunzi wa Udaktari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wadogo zangu wa udaktari kwa miaka kadhaa sasa. Wengine walinivuta pembeni kwenye korido ya wodi, wengine walinitumia ujumbe wa saa nane usiku unaoanza na "samahani kaka, najua umelala". Najibu nikimfikiria kwanza mwanafunzi wa Tanzania, kwa kuwa hapa ndipo niliposomea, ila wa Kenya na Uganda ataona mengi ni yaleyale.

Huu uchovu ni kitu cha kweli, au ni jina jipya la uvivu?

Mvivu hakuwahi kujali. Mtu tunayemzungumzia hapa alijali sana, tena kwa muda mrefu bila kupumzika, hadi kujali kwenyewe kukakauka.

Jambo hili, ambalo kwa Kiingereza huitwa burnout, lina historia. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu aliokuwa akifanya nao kazi katika kliniki ya bure jijini New York. Walikuja kujitolea kwa moyo wote, na baada ya muda wakawa wamechoka, wakali, hawaoni tena maana ya kazi ileile iliyowaleta. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso la kuipima hali hiyo. Dodoso lao linatazama mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kujitenga na watu unaowahudumia hadi kuwaona kama vitu, na kujiona huna unachoweza. Baadaye likatengenezwa toleo la wanafunzi.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lakini kwa uangalifu. Halikuiita ugonjwa; lilisema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Likaifungia kazini tu. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetoa damu, anayeandika mafaili na kukesha wodini yuko kazini, hata kama hakuna anayemlipa.

Nitajuaje kama nimefika huko, au nimechoka tu kama kila mtu?

Uchovu wa kawaida unaisha ukilala. Ukilala Jumamosi nzima, Jumapili ukaamka na uzito uleule, anza kujichunguza. Utasoma ukurasa mmoja mara nne na usikumbuke hata kichwa cha habari. Kichwa kinauma, tumbo linavurugika kila Jumatatu asubuhi. Unawakwepa wenzako wa kikundi. Wodini unaenda kusainiwa logbuku (daftari la mafunzo yako), basi.

Lakini ishara ninayokuomba uitazame kuliko zote ni jinsi unavyomwita mgonjwa. Nilikuwa mwaka wa nne, wodi ya wanawake. Mama mmoja alilazwa kitanda namba 6, na kwa wiki mbili nilimwita hivyohivyo, "kitanda sita". Asubuhi moja nikakuta godoro limekunjwa. Nikamuuliza nesi kama kitanda sita kimeshapata mtu mwingine, maana nilikuwa natafuta kesi ya kupresenti siku ile. Nesi akaniangalia kidogo, kisha akanitajia jina la yule mama. Nilikuwa silijui. Wiki mbili nilimpima mapigo ya moyo kila asubuhi na jina lake nilikuwa silijui.

Sikuwa mtu mbaya, na wewe si mtu mbaya. Nilikuwa nimekauka. Ila kwa sababu nilikuwa nafaulu mitihani, hakuna aliyegundua, hata mimi mwenyewe.

Hii na sonona ni kitu kimoja?

Zinashikana mikono lakini ni mbili. Uchovu huu umefungwa na masomo: ukienda nyumbani likizo ndefu, unacheka, unakula, unacheza na watoto wa dada. Sonona inakufuata hadi nyumbani. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, ukajiona huna thamani, hapo nenda kwa daktari wa afya ya akili. Lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona unalofundishwa kuwauliza wagonjwa, jiulize na wewe, na ujibu kwa ukweli kama ambavyo ungetaka mgonjwa akujibu.

Uchovu ukiachwa unaweza kuwa mlango wa kuingilia sonona. Ndiyo maana sipendi mtu aambiwe "vumilia, utazoea".

Ni wengi kiasi gani?

Mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti 24 zenye wanafunzi 17,431 wa udaktari ambao bado hawajaanza kubobea. Asilimia 44.2 walikuwa na uchovu huu. Mwaka 2016 uchambuzi mwingine uliojumuisha nchi 43 ulikuta asilimia 27.2 wana sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 wamewahi kuwa na mawazo ya kujiua katika kipindi walichoulizwa. Lakini kuna namba nyingine katika uchambuzi huo iliyonikaa zaidi: kati ya waliokutwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Hao ni watu wanaosomea kutibu.

Kwa nini udaktari hasa? Mbona hata wahandisi wanasoma usiku?

Wanasoma, na wao wanachoka. Ila kwenye udaktari mizigo inapangwa mmoja juu ya mwingine.

Anza na mwaka wa kwanza. Kijana ametoka kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), alikuwa wa kwanza shuleni, pengine wa kwanza wilayani. Anaingia darasa ambalo kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kwanza wa anatomia anapata alama ambazo hajawahi kuziona maishani. Huyu hajawahi kujifunza kushindwa. Alichofundishwa ni kwamba yeye ni akili. Akili hiyo ikitikisika, anaona ametikisika yeye mzima. Wiki hiyohiyo yuko mbele ya maiti kwenye maabara, harufu ya fomalini inamfuata hadi bwenini, na hakuna aliyekaa naye kumuuliza umelionaje hilo.

Kisha kuna wingi wa mambo. Hakuna mtu anayemaliza kusoma udaktari. Unasimama tu mahali fulani ukalala. Nyuma yako kuna sapu (kurudia mtihani ulioufeli), na nyuma ya sapu kuna kudisko (kuondolewa chuoni). Mwanafunzi wa kozi nyingine akikwama somo moja hulibeba mwaka unaofuata na maisha yanaendelea. Kwenye udaktari, mara nyingi somo moja linaweza kukurudisha mwaka mzima. Hofu hiyo haiendi likizo.

Mwaka wa tatu unaingia wodini. Mchana uko wodini, usiku unatakiwa kusoma kama vile mchana hukufanya kazi. Unaona mtu anakufa kwa mara ya kwanza, pengine mtoto, pengine kwa kukosa kitu ambacho mlikijua, mlikiandika kwenye faili na hakikuwepo stoo. Kitaalamu hilo lina maumivu yake mwenyewe: kujua linalotakiwa kufanyika na kushindwa kulifanya. Halafu saa saba mchana una kipindi cha famakolojia.

Na juu ya yote hayo kuna nyumbani. Ukoo mzima unakuita daktari tangu siku ya barua ya udahili. Shangazi anakutumia picha ya upele akitaka dawa. Wengine hawakuichagua kozi hii. Walichaguliwa na matokeo yao, au na baba. Aliyechaguliwa kozi huchoka mapema zaidi, kwa sababu siku ngumu zikija hana sababu yake mwenyewe ya kushikilia.

Lugha inahusika?

Inahusika sana, na inazungumzwa kidogo mno. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anafika wodini, mgonjwa anamwambia "moyo unanienda mbio", "tumbo linanikata", "mwili unawaka kama umepakwa pilipili". Anayasikia kwa Kiswahili, anayaandika kwa Kiingereza, anayapresenti kwa Kiingereza mbele ya mkuu wa wodi, kisha anarudi kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Mwanza au Shinyanga bibi anaongea Kisukuma pekee, na mjukuu ndiye mkalimani. Hizo ni safari kadhaa za lugha kwa mgonjwa mmoja, na mwanafunzi ana wagonjwa watano.

Nimewaona vijana wanaoijua kesi mwanzo hadi mwisho, wakanyamaza kwenye raundi (mzunguko wa madaktari wodini) kwa kuogopa kukosea sarufi. Wanahesabiwa hawajui, na wao wanaanza kuamini hawajui. Walimu mnaosoma haya: mwacheni mwanafunzi amalizie kwa Kiswahili akikwama. Mtajua upesi kama tatizo lake ni lugha au ni tiba.

Kudhalilishwa mbele ya wagonjwa si sehemu ya kukomazwa?

Hapana. Kuulizwa swali gumu ni mafunzo. Kuitwa mjinga mbele ya mgonjwa uliyemshika mkono jana usiku ni jambo jingine. Kinachofundishwa pale ni kwamba mwenye cheo ana ruhusa ya kumvunja asiye na cheo, na mwanafunzi huyo siku akiwa na cheo atakuwa amejifunza vizuri mno. Nesi mwanafunzi atalipata hilo, na mgonjwa wa kitanda sita atalipata.

Najua wapo mabingwa wanaosema "sisi tulipigwa zaidi na tukawa madaktari". Ni kweli, mkawa. Waulizeni wenzenu ambao hawakufika.

Bumu (fedha za kujikimu za mkopo) likichelewa nafanyaje? Siwezi kusoma na njaa.

Huwezi, na usijilaumu. Fedha ni sababu kubwa ya uchovu huu kuliko semina nyingi za "kukabili msongo" zinavyokiri. Nimewajua waliokuwa wakigawa fedha zao za Bodi ya Mikopo na mdogo wao aliyeko sekondari, wakabaki na mlo mmoja kwa siku, na kwenye raundi wanatetemeka mikono, mwalimu anadhani ni woga.

Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mapema, kabla hujafika mwisho kabisa. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo na majina yako kamili na namba ya usajili, uhakikishe umesaini, maana ucheleweshaji mwingine unaanzia kwenye sahihi tu. Chumbani, pikeni pamoja. Watu wanne wakichanga unga, mchele na maharage wanakula vizuri kuliko mmoja mmoja kwenye kantini, na jioni mnakuwa mmeonana uso kwa uso.

Nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku na bado nafaulu. Kuna ubaya?

Upo, ila huchelewa kuonekana. Kumbukumbu unayoijenga mchana inakazwa usingizini. Ukikata usingizi unakata kile ulichokesha kukitafuta. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake wa kufikiri na kutenda unafanana na wa mtu aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu, na wengi wetu tumewahi kutoa damu na kupima dozi tukiwa tumepita hapo.

Na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Kafeini hukaa mwilini muda mrefu kuliko watu wanavyodhani: kwa kawaida nusu yake bado ipo baada ya saa tano hivi. Kopo la saa nne usiku, nusu yake iko nawe saa tisa usiku, wakati mwili unatafuta usingizi mzito. Asubuhi unachukua kopo jingine. Usinywe baada ya saa nane mchana. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa kwa siri wakati wa mitihani, achana navyo kabisa.

Kuna kitu naweza kufanya wiki hii, mtihani ukiwa mwezi ujao?

Kipo. Kwanza punguza madesa, yaani noti na maswali ya nyuma mnayorithishana. Nimeona simu zenye madesa ya miaka saba, kila mtu anaogopa kufuta kwa kuhofia swali litoke humo. Chagua kitabu kimoja na noti za seti moja, mengine yaache. Kisha acha kusoma kwa kurudia kusoma. Funga kitabu, jiulize, jibu kwa sauti, fungua uone ulipokosea, rudi kesho, rudi baada ya siku nne. Njia hii inachosha wakati unaifanya lakini inakupunguzia saa nyingi, na saa hizo ndizo za kulala.

Chagua nusu siku moja ya wiki isiyo na kitabu. Ijumaa baada ya swala, Jumapili baada ya ibada, au Jumamosi uwanjani, iwe ileile kila wiki na wenzako waijue. Piga msuli (jisomee) kwa kikundi cha watu watatu au wanne ambao mnaweza kuambiana "leo sijaelewa chochote" bila aibu.

Na kila asubuhi wodini, kabla ya kufungua faili, muulize mgonjwa wako mmoja jina lake na alikotoka. Hili halikugharimu dakika mbili. Mimi lilinirudisha kuliko dawa yoyote.

Nimemwambia mchungaji wangu, akasema niombe zaidi. Inatosha?

Omba. Imani imewashika wengi, na sheikh au mchungaji anayejua kusikiliza ni hazina. Lakini ukiwa na jipu unaomba na unaenda kupasuliwa. Anayekuzuia kwenda kwa mshauri nasaha anakukosesha nusu ya msaada.

Nikieleza hali yangu chuoni, haitaandikwa kwenye faili langu?

Hofu hii ndiyo inayowafunga wengi mdomo. Mshauri nasaha anatakiwa kutunza siri yako, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Muulize waziwazi siku ya kwanza: "Nani mwingine atasoma hiki?" Ana wajibu wa kukujibu. Ukiona chuoni pako ofisi hiyo imekaa mlango mmoja na wanaokusahihisha mitihani, tafuta huduma hospitali nyingine. Ni haki yako kutibiwa na mtu asiyekupa alama.

Kuahirisha mwaka ni kushindwa?

Nimewaona walioahirisha, na leo, kama mimi, wanasaini vyeti vya wagonjwa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuwauliza walimaliza mwaka gani.

Ila ifanye kwa utaratibu. Omba kuahirisha kabla ya mitihani kuanza, kwa maandishi, ukiambatanisha taarifa ya daktari, na usiondoke chuoni bila jibu lililoandikwa. Afisa mikopo naye ajulishwe, la sivyo ukirudi utakuta mkopo umesimama. Anayetoweka bila barua hujikuta amedisko kwa utoro, na hiyo ni njia chungu zaidi ya kupumzika.

Vyuo vifanye nini? Au kazi yote ni yetu?

Hapa nina neno. Ukimfundisha mwanafunzi kuvuta pumzi ndefu halafu ukamrudisha kwenye ratiba ileile, umemwambia kosa ni la mapafu yake.

Wapo waliobadilisha ratiba. Chuo cha tiba cha Saint Louis huko Marekani, chini ya Stuart Slavin, kiliacha kupanga alama za miaka ya mwanzo kwa madaraja, kikabaki na kufaulu au kutofaulu. Kikapunguza saa za darasani kwa asilimia 10, kikaweka vikundi vya wanafunzi na walimu wanaopenda mambo yanayofanana. Sonona na wasiwasi vikapungua, bila alama za mtihani wa taifa kushuka. Mwaka 2022 Marekani yenyewe ikaufanya mtihani wake mkubwa wa kwanza wa udaktari uwe wa kufaulu au kutofaulu tu, bila alama. Na kiapo tunachoapa, Azimio la Geneva la 1948, kiliongezwa sentensi Oktoba 2017 huko Chicago: daktari anaahidi kuitunza afya yake mwenyewe ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Chuo kinachomwapisha kijana maneno hayo baada ya miaka mitano ya kumnyima usingizi kinajipinga chenyewe.

Kwetu yapo ya kuanza nayo bila fedha nyingi: ratiba ya mitihani itoke mapema na isibadilishwe usiku, siku baada ya zamu ya usiku iwe ya kulala, na kikao cha nusu saa kila mgonjwa anapofariki mikononi mwa wanafunzi.

Nikimaliza, mwaka wa utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo) utanipumzisha?

Hapana, jiandae. Mtarajali anabeba zamu nzito, na posho yenyewe si ya uhakika kila mahali. Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, na malipo ya watarajali yalikuwa kiini kimojawapo: serikali ilitaka kuwalipa shilingi za Kenya 70,000 kwa mwezi wakati makubaliano ya 2017 yalisema takribani 206,000. Ndiyo maana nasisitiza usifike huko ukiwa umeshakauka.

Nina mawazo ya kujidhuru. Naogopa hata kusema.

Umeshasema, na nimesikia. Usilale peke yako usiku wa leo. Mwamshe mwenzako wa chumbani, mwambie maneno hayahaya, akupeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Dawa ulizonazo chumbani mkabidhi yeye.

Wengi wanaogopa sheria. Ni kweli sheria ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Lakini kueleza kwamba una mawazo haya si kosa; ni dalili, na inatibika. Daktari utakayemkuta zamu pengine amewahi kuyapitia.

Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko mwaka wa tatu, hapigi simu tena, na nikipiga anasema "niko sawa mama". Nifanye nini?

Mama, usimuulize matokeo. Muulize amekula nini leo, amelala saa ngapi, anaishi na nani chumbani. Akijibu kwa neno moja, usimfokee. Piga tena kesho, muda uleule. Mwambie kwa mdomo wako, maana hawezi kulikisia, kwamba akirudi nyumbani bila shahada bado ni mtoto wako na chumba chake kipo. Na kama unaweza kupata nauli, mfuate bila sherehe. Beba chakula anachokipenda, keti naye kwenye benchi nje ya bweni, na umwache ale kwanza.